Weupe Chini ya Kijani: Shajara ya Kufufua John Deere 110 ya Mwaka 1969

14 Septemba

Leo jioni nimeshusha kwenye gereji yangu, hapa Milwaukee, trekta la bustani aina ya John Deere 110 ambalo nimelinunua kwa dola 350 kutoka kwa mzee mmoja wa vijijini, upande wa kaskazini-magharibi, anayehamia kwa binti yake na ambaye hatakuwa tena na kiwanja cha kukata majani. Injini haijawashwa kwa miaka kumi na mmoja, magurudumu ya mbele hayana upepo, kiti kimechanika, na panya wamejenga kiota ndani ya kasha la feni. Hata hivyo hakuna kipande kikubwa kilichopungua, na mzee ameniongezea bure sepeto la kusukumia theluji pamoja na minyororo ya magurudumu ya nyuma.

Nimekulia Tanga, ambako trekta lilikuwa mtambo wa mashamba ya mkonge, nasi watoto tulilikimbilia kila lilipopita barabarani. Hili ni la namna nyingine kabisa. Lina nguvu za farasi 8, linapita kwenye mlango wa gereji bila kugusa pembeni, na lilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba na kipande chake cha majani. Lengo nililoliandika ukutani ni fupi: liwake, litembee, likate majani kabla ya Mei.

15 Septemba

Lengo limebadilika. Shemeji yangu, ambaye ufundi wa magari aliusomea Tanga kwa kushika spana tangu utotoni, alikuja baada ya chakula cha mchana kunisaidia kutoa betri iliyogandamana na sahani yake kwa sababu ya asidi iliyovuja. Tulipofaulu kuiinua alinyamaza kidogo, akapitisha kidole, kisha akasema, "Shemeji, hebu lete taa. Huku chini si kijani."

Ilikuwa nyeupe. Nilichukua msasa laini namba 600, nikaulowesha, nikasugua duara dogo upande wa ndani wa digadi ya kushoto. Rangi zilijitokeza kwa miduara kama ya kitunguu kilichokatwa: nje kabisa kijani kinene kilichopakwa kwa brashi, kisha mstari mwembamba mweusi wa vumbi na mafuta, kisha nyeupe ngumu, laini, isiyo na alama ya brashi hata moja, kisha praima, yaani rangi ya msingi, na mwisho chuma chenyewe. Ule mstari wa uchafu ulinieleza mengi kuliko rangi zote, kwa kuwa unaonyesha kwamba nyeupe ilikwisha kufanya kazi juani na kwenye majani kwa muda, ndipo mtu akaja na kopo la kijani. Tulisugua mahali pengine patano, chini ya sehemu za kukanyagia na nyuma ya kinga ya mkanda, na kote tukakuta hali ileile. Boneti peke yake ndiyo iliyokataa: chini ya kijani chake pana praima tu.

Nilipokifungua kiti cheusi kutoka kwenye fremu yake nikakuta, chini ya kichwa cha skrubu moja ya nyuma, kipande cha ngozi ya bandia kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kilichokatikia hapo siku kiti cha kwanza kilipong'olewa. Rangi yake ni ya chungwa. Nimekitia kwenye bahasha na kuandika tarehe.

22 Septemba

Wiki nzima nimekuwa nikisoma jioni, na ni vyema nieleze hapa tulichokikuta, kwa sababu bila maelezo hayo maamuzi yote yatakayofuata hayataeleweka.

John Deere ilitoa modeli ya 110 mwaka 1963, likiwa trekta lake la kwanza la bustani, katika kiwanda cha Horicon hapahapa Wisconsin, kiwanda ambacho awali kilikuwa cha Van Brunt, watengenezaji wa mashine za kupandia nafaka, hadi kampuni ilipokinunua mwaka 1911. Mwaka 1969 kampuni hiyo, ambayo kijani chake kilikuwa tayari ni kama jina lake la pili, iliamua kuwauzia wenye nyumba za mijini matrekta yasiyo ya kijani. Modeli za 110, 112, 120 na 140 zilipatikana zikiwa na mwili mweupe, na mnunuzi alichagua boneti na kiti kwa rangi mojawapo kati ya nne: njano, nyekundu, chungwa au buluu. Ziliitwa Patio. Msomaji wa pwani ataelewa haraka nikisema kwamba patio ni ndugu wa baraza letu, yaani mahali pa kupumzikia nje ya nyumba, na wazo lilikuwa kwamba mashine ya kukata majani iwe sehemu ya mandhari ya nyumba kama viti na mwavuli.

Wazo hilo halikudumu. Kufikia 1971 lilikuwa limekwisha. Watu walioingia kwenye duka la John Deere walikuwa wameingia kutafuta kijani, na wauzaji wa matrekta walibaki na mashine nyeupe uani. Wakongwe wa mambo haya husimulia kwamba wauzaji wengine walibadilisha boneti na viti, na wengine wakapaka upya, ili mradi mashine iondoke. Baadaye wenye mashine nao wakafanya hivyohivyo, kwa sababu chungwa lililopauka kwa jua halipendezi, na kopo la kijani lilipatikana popote.

Nilimpigia simu mzee aliyeniuzia. Anakumbuka kwamba alilinunua mwaka 1978, likiwa la mitumba, na lilikuwa kijani tayari. Alilitumia zaidi ya miaka thelathini akiwa juu ya trekta la Patio bila kujua. Alicheka sana, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kama nitaliuza. Nilimjibu kwamba sitaliuza.

6 Oktoba

Nimeshinda kwenye gulio la mashine kuukuu, nikitafuta kabureta na nikisikiliza watu. Neno lililotajwa kuliko yote lilikuwa "adimu", na nimerudi nikiwa na hakika kwamba wengi wetu tunalitumia bila kulipima.

Chukua Cub Cadet ya kwanza, iliyotengenezwa na International Harvester huko Louisville, Kentucky. Ilianza kuuzwa kwa mwaka wa modeli 1961, ikakoma 1963, na ina injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7. Ni ya kale kuliko trekta langu, ni ya kwanza katika ukoo wake, na imehifadhiwa kwa mapenzi makubwa, lakini zilitengenezwa zaidi ya 65,000, na pale gulioni leo nilihesabu nne kabla sijafika kwenye banda la chai. Ukale wake ni wa kweli, ila mtu anayetangaza kwamba ni adimu anamdanganya mnunuzi au anajidanganya mwenyewe.

Upande wa pili ipo Elec-Trak ya General Electric, iliyotoka mwaka huohuo wa 1969, trekta la bustani linaloendeshwa kwa umeme wa betri sita za volti 6 zilizoungwa kufikia volti 36. Hiyo unaweza kuikuta bandani ikiwa nzima kwa sura, lakini inayotembea ni habari nyingine, kwa kuwa betri zikifa gharama ya kuzibadilisha huzidi bei ya mashine, na mwenye nayo huisukuma kando, huazima waya zake kwa kazi nyingine, hupoteza chaja, na mwisho humwita mnunuzi wa chuma chakavu. Uhaba wake umezaliwa bandani, miaka mingi baada ya kutoka kiwandani.

Kisha kuna uhaba mdogo unaojificha ndani ya modeli inayojulikana. John Deere 110 kwa jumla si adimu, kwani iliendelea kutengenezwa hadi 1974. Ile ya mwaka 1963 peke yake, hata hivyo, ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 7, na mwaka uliofuata injini hiyo ikabadilishwa na ile ya 8, kwa hiyo wakusanyaji huisaka kwa bidii. Tatizo ni kwamba injini hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, na kwa miaka sitini watu wamekuwa wakiweka hii mahali pa ile. Nimeona leo moja inayodaiwa kuwa ya 1963, yenye digadi za mviringo kama ipasavyo, lakini kibati cha injini kilisema K181, ambayo ndiyo ya farasi 8. Mwenye nayo hakuwa mwongo. Aliuziwa hivyo, naye anauza hivyo.

Kwa Patio uhaba umefanyika kwa njia ya tatu, nayo ndiyo inayonigusa. Mashine zenyewe nyingi huenda bado zinaishi, zinafanya kazi, zinasukuma theluji kila Januari. Kilichotoweka ni utambulisho wake. Fremu, gia na injini ni vilevile vya 110 ya kijani, na kibati cha trekta langu kina namba ya modeli na namba ya mfululizo bila neno lolote kuhusu rangi. Ushahidi wote umo kwenye unene wa rangi usiofika milimita moja, na mtu mwenye nia njema kabisa, akiwa na mashine ya kupuliza mchanga, anaweza kuufuta wote kabla ya saa ya chakula. Ndiyo maana nimeamua kwamba trekta hili halitapulizwa mchanga.

19 Oktoba

Injini. Ni Kohler K181 ya silinda moja, chuma cha kusubu, ukubwa wa sentimita za ujazo 305, iliyotengenezwa katika mji wa Kohler, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kutoka Horicon. Jimbo hili lilikuwa kitovu cha matrekta haya kwa jumla: Bolens na Simplicity walikuwa Port Washington, kaskazini tu ya hapa nilipo, na matrekta madogo ya Case yalitoka Winneconne.

Tumetoa kiota cha panya, tumesafisha mapezi ya silinda kwa brashi ya waya, tumefungua kichwa cha silinda. Kaboni ilikuwa nene upande wa valvu ya moshi. Kuta za silinda zina mikwaruzo midogo isiyoshika ukucha.

20 Oktoba

Tumefungua chini. Katika injini hizi hakuna pampu ya oili. Kwenye kifuniko cha konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na mhimili wa injini uitwao krankshafti, kuna ulimi mdogo wa chuma unaochota oili kila mzunguko na kuirusha juu, na konrodi yenyewe, ambayo ni ya aluminiamu, hukaa moja kwa moja juu ya krankshafti pasipo beringi za bushi katikati. Oili ikipungua, ulimi haufiki, aluminiamu inakauka, inashika, inavunjika, na mara nyingi hutoka nje kwa kutoboa ubavu wa injini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ni mojawapo ya sababu za wazi za kupotea kwa mashine hizi: mtu asiyeangalia kijiti cha oili kwa msimu mmoja amemaliza injini, na trekta lisilo na injini huwa ghala la vipuri vya jirani.

Ya kwetu imepona kwa shida. Shemeji alipima shingo ya krankshafti kwa mikromita mara tatu, akaandika kila kipimo mkononi kwa kalamu kama afanyavyo siku zote. Imelika upande mmoja, imekuwa yai. Itakwenda kwa mkereza ichongwe ipungue sehemu 10 za elfu moja ya inchi, nasi tutanunua konrodi ya saizi hiyo ndogo, ambayo kwa bahati bado inatengenezwa.

2 Novemba

Krankshafti imerudi. Ringi mpya, gasketi mpya, valvu zimesagwa. Pointi za kuwashia moto tumezipa nafasi ya sehemu 20 za elfu moja ya inchi, kama kitabu kinavyoagiza.

3 Novemba

Imewaka, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwa mzunguko wa tatu wa starta. Moshi wa buluu kwa dakika mbili, kisha ukasafika. Watoto walitoka nje wakiwa wamevaa soksi tu.

16 Novemba

Suala la boneti. Kwa kuwa iliyokuja na trekta ni ya kijani tangu mwanzo, ni wazi kwamba boneti ya chungwa iliondolewa na nyingine ikawekwa, na hilo linaafikiana na zile habari za wauzaji wa zamani. Nilitangaza kwamba natafuta boneti ya Patio ya chungwa, na mtu mmoja wa jimbo la mbali akanijibu kwamba anayo, yenye rangi yake ya kiwandani. Nililipa zaidi ya nilivyolipa kwa trekta zima.

Imefika jana. Kwa picha ilikuwa nzuri mno. Nikaisugua kwa msasa uleule namba 600, sehemu ya ndani karibu na bawaba, na chini ya chungwa nikakuta kijani, kijani safi, kimesuguliwa kidogo ili rangi ya juu ishike. Mtu alichukua boneti ya kawaida akaipaka chungwa. Nilimwandikia muuzaji, nikampelekea picha za miduara ile. Alirudisha nusu ya fedha, akaacha kujibu.

Nimekaa na kitu hiki mezani kwa siku nzima. Fedha zinaniuma, lakini kuna jambo linaloniuma zaidi: boneti hii ingefika kwa mtu mwingine asiye na msasa mkononi, ingefungwa juu ya 110 yoyote ya kijani iliyopakwa nyeupe, na baada ya miaka kumi hakuna mtu angeweza kuitenganisha na Patio ya haki. Kila trekta la namna hiyo likiongezeka, yale ya kweli yanakuwa magumu zaidi kuaminika, na uhaba unageuka kuwa ubishi.

11 Januari

Gereji ni baridi mno kwa kazi ya rangi. Mwezi mzima nimetumia kuondoa kijani cha juu kwa mkono, kwa msasa wa maji na kwa kisu cha plastiki, nikifuatilia ule mstari wa uchafu. Mahali ambapo uchafu ni mwingi, kijani hubanduka chenyewe kwa vipande vya ukubwa wa sarafu, na nyeupe iliyo chini hubaki ikiwa na mikwaruzo yake ya zamani. Kwenye digadi ya kulia umejitokeza mkwaruzo mrefu unaoteremka kutoka juu hadi karibu na gurudumu, ambao bila shaka ni wa tawi au uzio uliogongwa kati ya 1969 na siku ya kijani. Sitauziba.

Shemeji hakubaliani nami. Kwa maoni yake, kazi ikifanywa ifanywe kamili, ing'ae kama siku ya kwanza. "Ukiacha madoa," ameniambia, "watu watadhani fundi alichoka." Naheshimu hoja yake, maana mafundi waliomfunza walipimwa kwa usafi wa kazi, na sehemu ambazo nyeupe imekwisha kabisa na kutu imeingia tutazipaka upya kwa mkono wake, kwa ustadi wake wote. Lakini palipo na rangi ya Horicon, hata ikiwa imechakaa, itabaki.

Kuhusu boneti tumeafikiana bila mabishano. Ile ya chungwa tuliyouziwa itasafishwa na kupakwa upya kwa kufuata kipande kile kilichokuwa chini ya skrubu, ambacho upande wake wa ndani haukuona jua, na itatumika. Trekta linahitaji boneti. Hatutaificha asili yake.

29 Machi

Hali ya hewa imefika nyuzi 14 mchana. Mgongo wa digadi ya kushoto umepakwa praima. Kiti kipya kimeshonwa na mama mmoja wa Kikongo anayeshona makochi mtaa wa pili. Nilipomwonyesha kile kipande cha chungwa alikipeleka dirishani, akakigeuza pande zote, akaniambia, "Baba, hii nyuzi yake ilikuwa nyeupe, angalia matundu." Mimi nilikuwa nimekitazama kwa miezi sita bila kuyaona matundu. Kiti kimeshonwa kwa uzi mweupe.

19 Aprili

Boneti imekauka. Kabla ya kuifunga nimeandika upande wake wa ndani, kwa kalamu ya rangi nyeusi, maneno haya kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: "Boneti hii si ya trekta hili. Ilikuwa ya kijani. Imepakwa chungwa mara mbili, ya pili Milwaukee." Chini yake nimeweka mwezi na mwaka, na juu ya maandishi nimepaka vanishi ili oili isiyafute.

26 Aprili

Upande wa ndani wa digadi ya kushoto, pale tulipoanza, nimeacha mraba wa sentimita tano ambao haukuguswa tena: kijani cha brashi, mstari wa uchafu, nyeupe, praima, chuma. Bahasha yenye kipande cha chungwa nimeiweka pamoja na hati ya mauzo na maelezo ya mzee, ambayo niliyaandika siku aliponisimulia na kumsomea kwa simu ili ayasahihishe.

Mzee alikuja leo na binti yake. Alizunguka trekta mara mbili, akaukuta ule mkwaruzo wa digadi ya kulia, akaushika. "Huu si wangu," alisema. Kisha akapanda, akakaa kwenye kiti cha chungwa, akavuta choki kwa mkono wa kushoto bila kuitazama, na injini ikashika mara ya kwanza. Alikata mistari minne ya majani ya kiwanja cha mbele. Iliyobaki nitaikata kesho, umande ukikauka.